Saa za Kula Pemba

Meli niliyopanda kutoka Unguja ilifika Mkoani saa saba mchana, na hadi nilipokwisha kupata gari, kufika Chake Chake na kupata chumba katika nyumba ndogo ya wageni, saa tisa alasiri ilikuwa imepita. Tangu alfajiri nilikuwa nimekula maandazi mawili tu. Niliacha mzigo chumbani nikatoka kutafuta chakula kwa matumaini ya mtu aliyekulia Njombe, ambako kwenye kituo cha mabasi hakosekani mama mwenye sufuria la wali na maharage tangu asubuhi mpaka usiku. Nilipita barabara kuu, nikashuka upande wa soko, nikapanda tena. Maduka ya vitambaa yalikuwa wazi, fundi cherehani alikuwa kazini, wazee wamekaa barazani wanacheza bao, lakini chakula sikukiona. Nikarudi kwa kijana wa mapokezi nikamwuliza, kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa na lawama ndani yake, watu wa mji huu wanakula wapi.

“Dada, watu weshakula,” alinijibu kwa upole. “Wamekula majumbani mwao. Subiri magharibi ipite, utakula mpaka uchoke.”

Aliniletea ndizi mbivu tatu na kikombe cha chai ya rangi iliyotiwa mdalasini, na nilipotoa fedha akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa Oktoba mwaka 2021, siku ya kwanza kati ya kumi na mbili nilizokaa Pemba safari ile, na mengi niliyojifunza baadaye yalikuwa yamekwisha kusemwa katika jibu lake. Chakula cha Pemba kipo kwa wingi na kwa ladha ambayo sijaipata kwingine, ila hakikai barabarani kikimsubiri mpita njia. Kinaishi majumbani, kina saa zake, na mgeni anayetaka kukifikia bila kuongozwa na mtu hana budi kuzijua saa hizo kwanza.

Nilikuwa nimeazimia kusafiri peke yangu, bila kundi wala mtu wa kunipangia ratiba, kwa sababu nilikwisha kuona katika safari nyingine jinsi ratiba ya pamoja inavyomfanya mtu aone mahali na asikutane na watu wake. Kisiwa chenyewe kinamruhusu mtu kufanya hivyo. Urefu wake ni kama kilomita 67, miji yake mikubwa ni mitatu, yaani Mkoani kusini, Chake Chake katikati na Wete kaskazini-magharibi, na magari ya abiria yanajulikana kwa namba: 603 kwa Mkoani na Chake Chake, 606 kwa Wete, 602 kwa Konde kule juu kabisa. Nauli ni ndogo, na gari hujaa watu, magunia na makapu ya samaki. Nilijifunza siku ya pili tu kwamba mtu hapandi gari akakaa kimya kama tunavyofanya bara. Unapanda na salamu, unaitikiwa na gari zima, kisha mama aliye karibu nawe anakuuliza unatoka wapi, unakwenda kwa nani, na kwa nini uko peke yako. Mwanzoni swali hilo la mwisho lilinikwaza. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye fedha zake na likizo yake, na niliona kama nahojiwa. Baada ya siku chache nikaelewa kwamba swali lile lilikuwa ndio mlango wenyewe, kwa kuwa mtu asiye na mwenyeji ni mtu ambaye hakuna aliyempikia, na hilo kwao ni jambo la kushughulikiwa mara moja. Mara tatu nilishuka garini nikiwa na chenza au kipande cha muhogo wa kuchemsha mkononi, kutoka kwa mtu ambaye sikumjua jina.

Saa za chakula nilizijifunza kwa kuamka mapema. Baada ya sala ya alfajiri mji huamka na moshi wake: kuna vitumbua, chapati, mbaazi za nazi, muhogo, maharage, na kwa aliyebahatika, mkate wa mofa. Mkate huu hukandwa kwa unga wa mtama na kubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo mpaka ukauke kwa nje na kubaki na unyevu kidogo katikati. Mtu aliyezoea mkate wa ngano ataona mkavu kooni akiula hivihivi. Niliuona hivyo mimi, mpaka mzee mmoja aliyekaa nami benchi moja aliponisogezea bakuli lake la supu ya pweza na kunionyesha kwamba mofa huchovywa. Nikachovya. Supu ile ilikuwa na ndimu, pilipili manga na chumvi ya bahari, na mkate ulipoinywa ukageuka kuwa kitu kingine kabisa. Tangu siku hiyo nikawa siagizi chakula kwa kutazama orodha. Hutazama mwenyeji aliye karibu anakula kitu gani pamoja na kitu gani, kwa sababu vyakula vingi vya huko hupikwa kwa jozi, na ukila kimoja bila mwenzake umekula nusu.

Kufika saa nne asubuhi vyungu vya barabarani huwa vimekwisha. Mchana ni wa nyumbani: wali, mchuzi, familia, sinia. Alasiri ni ya kahawa chungu na maneno. Kisha magharibi inapita, taa zinawashwa, na Chake Chake ile ile niliyoiona haina chakula inajaa moshi wa mishkaki, pweza wa kuchoma, ndizi za kukaanga, bajia za kunde, na juisi ya miwa inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Nilikula pale nimesimama kwa siku nne mfululizo, nikitumia fedha kidogo kuliko ambavyo ningetumia kwa mlo mmoja katika hoteli ya ufukweni. Sina neno baya juu ya hoteli hizo, kwani zinawapa watu kazi, lakini samaki niliyewahi kula katika mojawapo alikuwa amepikwa kwa kumwogopa mgeni, bila pilipili, bila ndimu ya kutosha, na tui lake limezimuliwa mpaka likawa kama maziwa ya dukani.

Saa nyingine iliyo juu ya zote hizi ni ya bahari. Siku ya tano nilitaka pweza wa nazi na kila niliyemwuliza alinijibu kwamba siku hizo pweza ni adimu. Sikuelewa adimu kwa nini, nami nimezungukwa na bahari pande zote. Muuzaji mmoja akanyoosha kidole juu, akaniambia nitazame mwezi. Ulikuwa mwezi wa nusu, na siku hizo ni za maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana, na miamba wanakoishi pweza inabaki chini ya maji. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio kwanza umeandama huja bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Hapo mnamo saa nne asubuhi miamba huachwa wazi, na wanawake wanashuka pwani wakiwa wamejifunga kanga kiunoni, na fimbo zao za kuchokolea pweza mikononi. Nilisubiri siku sita. Nadhani huo ndio uvumilivu mkubwa kuliko wote niliowahi kuuonyesha kwa ajili ya chakula, na niseme wazi kwamba ulistahili. Msafiri anayekaa kisiwani siku tatu hana namna ya kulijua jambo hili; ataambiwa pweza hakuna, ataandika kwamba kisiwa hakina chakula, ataondoka.

Samaki ndiye aliyenifikisha nyumbani kwa watu. Nilikuwa nimesikia kwamba Tumbe, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa kisiwa, kuna mnada wa samaki unaostahili kuonwa, nikahamia huko juu na kupanga chumba karibu na Konde. Asubuhi vyombo vinaingia, samaki wanamwagwa mchangani kwa mafungu, na mnadi anaita bei kwa kasi ambayo sikio langu la bara halikuweza kuifuata. Kulikuwa na changu, chewa, kibua, taa, na nguru warefu kama mkono wa mtu mzima. Msisimko ulinishinda. Nilijikuta nimenunua kolekole mwenye uzito wa karibu kilo nne, na alipotiwa katika pakacha na kukabidhiwa kwangu ndipo nilipokumbuka kwamba sina jiko, sina kisu, wala sina mtu. Nilisimama kando ya barabara nikiwa na samaki anayedondosha maji miguuni pangu, na jua linapanda.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akikusanya beseni lake tupu la maandazi alinitazama kwa muda.

“Mwanangu, samaki huyo utampika wapi?”

Nikamwambia ukweli kwamba sijui.

“Basi twende,” akasema, kana kwamba tulikuwa tumekwisha kupatana tangu jana.

Nyumbani kwake wote walimwita Bi Mkubwa, nami nikamwita hivyo. Jiko lilikuwa uani, mafiga matatu chini ya paa la makuti. Alimpaa samaki kwa dakika chache, akamchanja ubavuni, akamsugua kwa ndimu, chumvi, thomu na tangawizi iliyotwangwa, akamweka kando. Kisha akaanza kazi ya nazi, nami nikakaa kwenye kigoda kumtazama, kwa kuwa huko kwetu Njombe nazi ni kitu kinachokuja kwa lori kikiwa kimechoka, na mama yangu hakuwahi kuipikia.

Nilichokiona siku ile nimekirudia kichwani mara nyingi. Alikaa juu ya mbuzi, akaipasua nazi kwa pigo moja la mgongo wa kisu, akayakinga maji yake katika kikombe akanipa ninywe, kisha akakuna kwa mwendo usiobadilika, akizungusha kifuu ili meno ya mbuzi yasiguse sehemu ya kahawia, ambayo alisema hulitia tui uchafu na uchungu. Akatia maji ya uvuguvugu kidogo sana, akafinyanga, akakamua kwa kifumbu. Hilo lilikuwa tui la kasimile, zito kama uji, na aliliweka mbali na kila kitu kama mtu anayeficha dhahabu. Akatia maji mara ya pili na ya tatu kwenye machicha yale yale, akapata tui jepesi. Wali ulianza na jepesi. Ulipokaribia kukauka ndipo akamimina sehemu ya kasimile, akafunika, akapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko, ili wali uive kwa joto la pande mbili. Samaki alichomwa juu ya makaa na kupakwa kasimile iliyochemshwa na ukwaju na pilipili, akageuzwa, akapakwa tena, mpaka lile tui likaganda juu yake na kuwa na rangi ya jua la jioni. Machicha yalikwenda kwa kuku.

Siri yote, aliniambia, iko katika kutosahau. Tui zito likichemka bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaenda huku na maji kule, na hapo hakuna dawa. Kwa hiyo anayepika kwa nazi hawezi kuondoka jikoni, na ndio maana, nilianza kufikiri, mlo kama ule hauwezi kumsubiri mtu barabarani mchana kutwa. Hupikwa saa yake, huliwa saa yake, na watu wake wawepo.

Tulikula kwenye mkeka, wanawake na watoto sinia moja, wanaume sinia jingine ukumbini. Nilinawa, nikanyoosha mkono wa kulia, nikala sehemu iliyo mbele yangu, kama nilivyoona wengine wakifanya. Niliona pia kwamba Bi Mkubwa alikuwa akivunja minofu ya samaki na kuisukuma polepole upande wangu bila kunitazama. Mtoto wa mwisho aligundua kwamba siogopi ukoko, akaninyima kidogo, kisha akanigawia.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya kunawa. Nilifungua pochi nikatoa noti ya shilingi 10,000 na kumpa. Hakukasirika. Aliufunika mkono wangu kwa mkono wake, noti ikiwa ndani, akasema, “Mwanangu, mimi sikukuuzia.” Nilijitetea kwamba asubuhi nilimwona akiuza maandazi. Akanijibu kwamba yale ni maandazi ya barabarani, na haya ni nyumbani. Niliona aibu ambayo sikuilalia usingizi, kwani nilikuwa nimeuchukua mlo ule na kuugeuza huduma. Kesho yake nilimwuliza kijana wa duka mgeni afanye nini katika hali kama hiyo, naye akaniambia nipeleke sukari na majani ya chai, nikabidhi mlangoni baada ya kupiga hodi, na nisiseme kwamba nalipa. Nilipeleka kilo mbili za sukari. Zilipokelewa kwa dua ndefu, na niliporudi chumbani nilikuwa nimebeba ndizi nyingi kuliko nilivyoweza kula.

Neno jingine nililofundishwa pale lilikuwa starehe. Ukipita ukawakuta watu wanakula, watakuambia karibu, nawe ukiwa umeshiba au una haraka husema starehe, yaani endeleeni kwa raha. Nilifurahi kulipata neno hili nikalitumia kila mahali, hadi binti wa Bi Mkubwa aliponivuta pembeni. “Starehe ya kwanza ni adabu,” alisema. “Wakikukaribisha tena ukasema starehe ya pili, umewakataa.” Tangu hapo wakisisitiza nilikaa, nikamega tonge moja au mawili, nikashukuru na kuondoka. Tonge moja linatosha. Kukaa ndiko wanakokuhesabia.

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilipofika, Bi Mkubwa alinisogezea mbuzi. Nilikuna nazi mbili kwa muda ambao yeye angekuna sita, na vipande vyangu vilikuwa vinene na vyenye kahawia, lakini hakuna aliyecheka. Jioni hiyo walikuwa na kazi kubwa zaidi, kwani ulikuwa msimu wa karafuu. Mchana nilikuwa nimeziona zimeanikwa kila mahali, kwenye majamvi kando ya barabara, kwenye viwanja vya nyumba, hata mbele ya maduka, na harufu yake inaingia garini kabla hujaziona. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Karafuu mbichi huletwa nyumbani na vikonyo vyake, na kabla ya kuanikwa ni lazima zichambuliwe, punje upande mmoja na makonyo upande mwingine, nayo makonyo hayatupwi kwa kuwa hukamuliwa mafuta. Tulikaa duara tukizunguka lundo, taa katikati, vidole vikienda vyenyewe. Vyangu viliwaka kwa mafuta ya karafuu baada ya nusu saa, na ulimi ukafa ganzi kwa sababu nilijisahau nikavilamba. Katikati ya kazi lilipita sinia la muhogo wa nazi, laini, wenye chumvi tu na pilipili moja nzima iliyoelea juu bila kupasuliwa. Jambo lililonishangaza ni kwamba katika nyumba ile iliyojaa karafuu hadi mlangoni, hakuna mchuzi hata mmoja niliokula uliotiwa karafuu. Zilikuwa ada za shule, mabati na dawa. Punje chache zilihifadhiwa kwa ajili ya pilau ya sherehe, basi.

Yapo mambo ya kawaida ambayo msafiri wa peke yake anapaswa kuyapanga mwenyewe, nami nayataja kwa haraka. Fedha taslimu nilizichukua za kutosha nikiwa Unguja, na sikujuta, kwa kuwa kwenye vijiji nilikokuwa zilihitajika. Maji nilikunywa yaliyochemshwa au ya chupa. Tumbo liliniuma mara moja tu, na ni kwa sababu ya maembe mabichi ya pilipili niliyokula kabla sijala kitu kingine. Mabega na magoti niliyafunika kila mahali isipokuwa chumbani, na kanga mbili zilinifaa kuliko nguo zote nilizobeba. Nilipokwenda Msitu wa Ngezi na kuendelea hadi ufukwe wa Vumawimbi sikubeba chakula, nikidhani penye watalii hapakosi kibanda, nikashinda na njaa kwenye mchanga mweupe mzuri kuliko wote nilioukanyaga, mpaka mvuvi aliyekuwa akikarabati ngalawa yake aliponipa dafu. Habari za boti nazo ziulizwe kwa wenyeji siku moja kabla, hasa wakati wa upepo wa kusi. Watu wa Pemba hawajasahau tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander I ikiwa njiani kutoka Unguja kuja kwao, na wakikuambia usipande chombo fulani leo, wasikilize bila kuuliza sababu.

Bamvua lilikuja siku mbili kabla ya kuondoka kwangu. Binti wa Bi Mkubwa alishuka pwani na wenzake, akarudi na pweza watatu, na tukampiga mmoja juu ya jiwe kwa zamu mpaka akalainika. Alichemshwa katika maji yake mwenyewe, kisha akaungwa kwa kitunguu, tungule, thomu, manjano, na kasimile ikaja mwisho. Sitaeleza ladha yake. Nitasema tu kwamba watu wote waliokuwa kwenye sinia walinyamaza.

Nilirudi mwaka 2023, na kwa kuwa likizo yangu haikuniachia nafasi ya kuchagua, safari iliangukia Ramadhani, tena katika masika. Marafiki zangu wa bara waliniambia kwamba nimekosea, kwamba nitakaa kisiwani na njaa. Ni kweli kwamba mchana vyungu vya barabarani havikuwapo kabisa, na kula au kunywa mbele za watu ni kuwavunjia heshima. Mimi si Muislamu na sikufunga, lakini nilikunywa maji yangu chumbani na kula nilichohifadhi nikiwa nimefunga mlango, kisha nikatoka kama wengine. Nikagundua kwamba huo ndio mwezi ambao jikoni kuna mambo mengi kuliko miezi yote. Kuanzia saa tisa alasiri kila ua ulikuwa unakuna nazi. Mvua inanyesha juu ya makuti, moshi unakataa kupanda, na Bi Mkubwa, aliyekuwa amezeeka kidogo na kupungua, ana vyungu vitatu motoni kwa pamoja: shelisheli la nazi, mbaazi, na samaki wa mchuzi. Kando kulikuwa na unga wa kaimati unaoumuka chini ya kawa, na tende zimepangwa kwenye sahani.

Sikungoja kupewa mbuzi. Nilikuna nazi nne, nyeupe, bila kahawia, nikakamua kasimile na kuiweka kando, nikakamua ya pili na ya tatu. Alinitazama bila kusema neno, na kwa kuwa hakunirekebisha nilijua kazi imefaa. Akanikabidhi upawa niukoroge mchuzi wa samaki, yeye akageukia shelisheli. Nilikoroga bila kupumzika. Tui lilipanda, likatulia, likaanza kutoa macho ya mafuta juu, wala halikukatika.

Zilikuwa zimebaki dakika kama ishirini kufika adhana. Bi Mkubwa alikisogelea chungu changu, akainama, akanusa. Alinusa tena, akakunja uso, kisha akanitazama kama mtu aliyekumbuka jambo.

“Wewe hukufunga,” alisema. “Nionjee.”

Wanawake wote uani walikuwa wameacha kazi zao. Nilichukua tone kwenye kiganja, nikaonja.

“Chumvi imekaa,” nikasema. “Ndimu bado.”

Akachukua kisu, akakata ndimu, akanipa nusu niikamulie mwenyewe.